Nyama choma ya Jumatano: namna ya kuwakutanisha marafiki wa zamani Dar na kesho yake mkaamkia kazini

Mara ya kwanza niliharibu kila kitu. Tulikuwa kumi na wanne, wote tuliomaliza kidato cha nne pamoja, na mimi mpangaji nikachagua Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kwenye baa moja yenye spika kubwa kuliko friji zake. Nyama ilifika mezani saa nne usiku. Bili ilipokuja, nusu ya watu walishaaga, kila mmoja akiwa ameacha "yangu hii hapa" ambayo haikutosha, na sisi tuliobaki tukachangishana pungufu ya elfu arobaini bila kutazamana usoni. Mwenzetu wa Mbagala alifika kwake saa saba za usiku. Miaka miwili ikapita kabla hajakubali tena mwaliko wangu.

Siku hizi tunakutana kila baada ya wiki sita hivi, siku ya kazi, watu sita, na saa tatu na nusu kila mtu yuko njiani kurudi. Nilichobadilisha ni kitu kimoja. Jioni nzima naipanga nikiwafikiria watu wawili: anayekaa mbali kuliko wote, na ambaye mfuko wake umebana kuliko wote. Wenye magari na mishahara mizuri watakuja popote utakapowaita. Hao wawili wakishindwa, hutawasikia wakilalamika. Watasema "nitajitahidi" na hutawaona.

Hatua ya kwanza: usiitangaze kwenye grupu

Grupu la WhatsApp la darasa lina watu sitini na nane. Ukiandika mle "jamani tukutane Jumatano", utapata vidole gumba ishirini, mtu mmoja atauliza kama wenye familia waje nazo, mwingine atapendekeza tuunde kamati, na Jumatano yenyewe mtafika watatu.

Piga simu. Si ujumbe, simu. Watu watano, wewe wa sita. Meza ya sita bado ina mazungumzo mamoja. Wakifika wanane inagawanyika, upande huu wanazungumzia viwanja vya Kigamboni na upande ule hawasikii kitu. Utaulizwa na waliobaki kwa nini hukuwaita. Waambie ukweli, kwamba meza ni ndogo na safari ijayo ni zamu yao, kisha safari ijayo uwaite kweli.

Hatua ya pili: siku na saa

Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Jumatatu kila mtu ana sura ya Jumatatu, na Ijumaa baa zote zimejaa, mhudumu hakuoni hata ukipunga mkono kama unayezama. Chagua wiki inayofuata mshahara, si siku ya mshahara yenyewe, maana siku hiyo hela ina wenyewe: kodi, ada, mkopo wa kazini.

Tazama ratiba ya mpira kabla hujataja tarehe. Ikiwa Simba au Yanga wanacheza jioni hiyo, meza yenu itageuka jukwaa, na kama mmechanganyika wa Msimbazi na wa Jangwani, mtapelekana mpaka saa sita. Mechi za Ulaya za katikati ya wiki nazo ni mtego wa aina yake. Nyingi huanza saa nne usiku kwa saa zetu, na majira ya baridi kule kwao zinasogea hadi saa tano. Mtu aliyekuja kula tu atasema "ngoja nione dakika kumi", na kesho yake ana kikao saa mbili asubuhi.

Saa nzuri ya kukutana ni saa moja kasoro robo hadi saa moja. Wanaoswali Magharibi wanakuwa wameshaswali au wanamalizia, na waliotoka kazini wamepata muda wa kunawa uso. Usiwaambie saa kumi na mbili ukitegemea watafika saa moja. Huo ujanja tunaujua wote na ndiyo maana wote tunachelewa.

Mwezi wa Ramadhani sahau habari ya nyama choma; fanyeni futari ya pamoja, ambayo ni jambo jingine lenye utaratibu wake. Wakati wa Kwaresima uliza kwanza. Kuna mwenzetu mmoja ambaye Kwaresima nzima hagusi nyama, na tulikuwa naye kwa miaka bila kujua, anakula ndizi na kachumbari na kusema ameshiba.

Hatua ya tatu: mahali, na hapa ndipo wengi wanapokosea

Kosa ni kufungua ramani na kutafuta katikati. Tuseme mmoja anakaa Mbagala, mmoja Kimara, mmoja Tegeta. Ukipima kwa macho utasema Sinza au Mwenge ni haki kwa wote. Si haki. Wa Mbagala atalazimika kuvuka jiji zima kuja, kisha kulivuka tena usiku kurudi.

Uliza badala yake watu wanafanya kazi wapi. Kama wengi wenu mnashinda Posta na Kariakoo, kuleni hukohuko mjini. Foleni ya kutoka mjini hukaza kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja na nusu hivi. Muda ule ambao ungekuwa umesimama Salenda au Jangwani ukihesabu taa za breki, wewe umekaa unakula. Mkimaliza saa tatu na nusu barabara zimeshalegea, na kila mtu anashika njia yake moja kwa moja: Barabara ya Kilwa, Barabara ya Morogoro, Barabara ya Bagamoyo. Wa Kimara ana Mwendokasi, inayokwenda kwao tangu mwaka 2016. Ila aulizie kituoni siku ileile basi la mwisho linaondoka saa ngapi, asitegemee alichosikia mwaka jana.

Kisha aina ya mahali. Mjini, hasa Kisutu na Upanga, kuna zile sehemu za kuku na mishkaki ya mkaa zinazoweka meza nje jioni. Mamboz, pale kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, wengi wanaijua hata wasiokula nje. Nyingi za aina hii hazina pombe, chakula kinakuja upesi na mkate wa naan wa moto, na mwenzenu aliyeokoka au Mwislamu asiyependa kukaa baa atakaa bila kujibana. Mkiwa mmechanganyika sana, anzieni huko. Kasoro yake ni kwamba hakualiki ukae: watu wamesimama wakisubiri meza, nawe unaona aibu kuomba chai ya pili.

Ya pili ni baa yenye jiko la nyama, miti, viti vya plastiki na mhudumu anayejua majina ya wateja. Hapo mtakaa, na huko ndiko tunakokwenda sisi mara nyingi. Angalizo moja: kama kati yenu kuna Waislamu, uliza mbuzi kachinjwa na nani, na kama jiko hilohilo linachoma kitimoto. Usiulize mbele yao mkishakaa. Uliza siku moja kabla, kwa simu, na kama jibu linasitasita tafuta pengine. Kitimoto ni kitamu, sikatai, lakini kina siku yake na watu wake.

Hatua ya nne: hela isemwe mapema

Mpigie mwenye jiko umuulize bei za leo, si za mwezi uliopita. Halafu fanya hesabu kwenye karatasi. Kwa mfano tu: ukiambiwa mbuzi kilo elfu ishirini, kilo mbili ni 40,000, kuku mzima 25,000, ndizi, ugali na kachumbari 12,000. Jumla 77,000. Gawa kwa sita unapata kama 12,800 kila mtu. Tangaza 15,000. Ile 13,000 inayozidi ni ya maji makubwa, ya mhudumu na ya mchomaji, na ni kinga yako dhidi ya ndizi za nyongeza ambazo lazima mtu ataagiza.

Ujumbe uwe mfupi: "Chakula elfu kumi na tano kila mtu, nitumieni kabla ya Jumatano mchana. Kinywaji kila mtu chake." Sentensi hiyo ya mwisho imeokoa urafiki mwingi kuliko unavyodhani. Bila hiyo, anayekunywa soda moja atamlipia anayekunywa bia sita, na hatasema neno, ila mara ya tatu atakuwa na udhuru. Usiwadai watu "na ya kutolea", kwa kuwa hutoi. Utalipa kwa lipa namba kutoka simu yako.

Sasa yule ambaye elfu kumi na tano kwake ni kubwa. Utamjua. Anajibu simu vizuri, anacheka, kisha anasema "wiki hii imebana kidogo ndugu yangu". Usimwambie "usijali, tutakulipia", maana hiyo "tutakulipia" ina watu wengi mno ndani yake. Mwambie: "Yako ipo, nimeshaiweka. Wewe njoo unichagulie nyama, mimi sijui kuchagua." Na kweli aichague. Hakuna mwingine anayepaswa kujua, hata mkeo.

Tatizo la upande wa pili ni mwenye nacho anayetaka kulipa yote. Mshukuru, mkatalie. Akilipa mara moja, wengine wote wanageuka wageni wake: wanaona haya kuagiza, wanaona haya kumbishia, na mara ijayo kila mtu anasubiri aone kama atakuja kabla hajasema kama naye anakuja. Kama roho inamuuma sana, anunue mbuzi mzima Desemba.

Hatua ya tano: nyama iagizwe kabla hamjafika

Mbuzi wa mkaa anataka karibu saa nzima, na jiko likiwa na foleni ni saa moja na nusu. Ukifika saa moja ndipo uagize, mtakula saa mbili na nusu, na kufikia hapo wenye bia wameshalewa kwa njaa. Kwa hiyo mtu mmoja atangulie. Yule mchaguaji ndiye afike saa kumi na mbili, aende mwenyewe kwenye dirisha la nyama.

Aangalie mambo machache. Nyama iwe imening'inizwa, si iliyotolewa kwenye friza ikiwa inatoa maji. Mbavu zina ladha, paja lina nyama. Kwa kilo mbili chukua nusu kwa nusu. Asimame hapo mpaka mshale wa mzani utulie. Unapimiwa mbichi pamoja na mifupa yake, na motoni itapungua robo au zaidi, kwa hiyo kilo mbili zikija zimejaa sinia moja tu usimlaumu mtu. Watu sita wanatoshwa na kilo mbili za mbuzi pamoja na kuku mmoja. Kwa wanaume sita waliocheza mpira jioni, ongeza nusu kilo.

Kuna maneno matatu ya kumwambia mchomaji. Kwanza, "ikauke lakini isikakamae". Pili, chumvi aweke yeye, pilipili ije pembeni. Tatu, na hili husahaulika, ndizi aziweke motoni nyama ikikaribia kuiva, kwa sababu ndizi choma iliyopoa inakuwa kama sabuni ya kufulia. Ugali pia uagizwe mwishoni. Mmoja unatosha wawili.

Ndani ya saa hiyo ya kusubiri, mishkaki miwili miwili iwe mezani kila mtu anapokaa. Ni hela ndogo, nayo inazuia mengi.

Hatua ya sita: mezani

Kaeni mbali na spika na mbali na televisheni. Kama muziki ni mkubwa, omba upunguzwe mapema kabla baa haijajaa: "Dada, samahani, tunaomba mtupunguzie kidogo, tuna miaka hatujaonana." Ukiomba hivyo saa moja watakusikiliza. Ukiomba saa tatu utaonekana mchokozi.

Waambie wahudumu tangu mwanzo wafungue bili mbili, ya chakula na ya vinywaji, na chupa tupu zisiondolewe mezani. Chupa tupu ndiyo hesabu yenu. Nimewahi kuona bia nne zikiongezeka ndani ya bili bila mtu yeyote kuongezeka kilo, na hatukuwa na ushahidi kwa sababu meza ilikuwa safi.

Mhudumu akija na jagi na beseni la kunawia, simu ziwekwe chini. Mikono ikishaingia kwenye mafuta hakuna wa kuzishika tena, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kula kwa mikono ambayo hatuisemi. Picha pigeni moja, mwanzoni, na kabla hujaiweka "status" uliza. Kuna aliyeaga kazini kwamba anampeleka mtoto hospitali.

Kuhusu maongezi sina kanuni nyingi, ila moja naisimamia: usimuulize mtu "siku hizi uko wapi?" Dar swali hilo maana yake ni unafanya kazi wapi, na mezani petu kuna aliyepunguzwa kazini miezi mitano iliyopita. Muulize anakaa wapi, au habari za mama. Kazi ataitaja mwenyewe ikiwa anataka kuitaja. Aliyefiwa tangu mlipoonana mara ya mwisho apewe pole kabla ya vinywaji kufika, kwa utulivu, na kila mmoja; usingoje uikumbuke katikati ya kicheko.

Halafu kadi za michango. Marufuku. Kila mmoja wetu ana harusi, kipaimara au send-off ya mtu fulani, na nilishawahi kukabidhiwa kadi tatu kabla sijamaliza mshikaki wa kwanza. Mwenye kadi awatumie watu kesho yake. Vivyo hivyo bima, viwanja, na ile biashara ambayo unaleta watu wawili nao wanaleta watu wawili.

Mazungumzo yakidorora, usianze siasa. Toa picha ya mahafali. Mimi ninayo moja iliyokunjika pembeni, naiweka kwenye pochi siku hiyo tu, na haijawahi kushindwa: ndani ya dakika mbili mtu anakumbuka maharage ya bweni, mwingine anamtetea kiranja aliyetuchapisha, na kiranja mwenyewe yupo mezani anakataa.

Hatua ya saba: bili na kuondoka

Saa tatu kamili itisha bili zote mbili. Usisubiri mtu apige miayo. Ya chakula unalipa wewe kwa hela uliyokwisha kukusanya. Ya vinywaji mnahesabu chupa, kila mtu analipa zake palepale. Dai risiti ya mashine. Kisha mpe mhudumu chake, na mchomaji chake mkononi, mbali mbali. Hela ikipitia kwa mmoja, mwingine huwa haioni. Mchomaji aliyepata elfu mbili zake atakukumbuka, na safari ijayo ukimpigia simu saa kumi atakuchagulia mbavu kabla mchaguaji wako hajapanda daladala.

Nyama itabaki. Ifungwe kwenye foili, apewe mwenye watoto nyumbani, wala si lazima awe na shida, awe na watoto tu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo njoo na mfuko wako wa kubebea, la sivyo atapanda basi ameshika mbavu za mbuzi mkononi kama tarumbeta.

Aliyekunywa hashiki usukani. Gari lilale hapohapo kwa mlinzi, au aendeshe asiyekunywa, na anayeendesha apite na wa njia yake mpaka mlangoni. Wa Mbagala asiachwe asimame peke yake kituoni. Mkodieni bajaji au teksi ya kwenye simu kutoka kwenye ile ziada ya chakula, ndiyo kazi yake nyingine.

Kabla hamjasimama, tajeni tarehe ijayo. Si "tutapanga". Tarehe.

Ukifika nyumbani usilale kwanza. Subiri jumbe tano za "nimefika", na usipoiona ya anayekaa mbali, piga. Wa kwetu huwa wa mwisho, karibu saa nne na nusu. Jumatano iliyopita aliandika: "Nimefika. Walikuwa macho. Foili imeshalambwa."